Kipimo cha dawa kwenye maziwa kinachosomwa kwa simu: uzoefu wangu hapa Tabora

Nakusanya maziwa kwa wafugaji wa pembezoni mwa mji wa Tabora na kutengeneza mtindi. Kifaa hiki kinafaa, na mwenye kazi kama yangu namshauri akitafute, ila ajue mipaka yake.

Shida yenyewe wengi tunaijua. Ng'ombe akiugua anachomwa OTC, yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, na kesho yake maziwa yanakuja kama kawaida. Laktomita itakuambia maziwa yametiwa maji. Haikuambii ng'ombe kachomwa nini. Dawa ile ile inayodhibiti vijidudu vya ugonjwa huwazuia pia bakteria wanaogandisha mtindi, unaamka unakuta ndoo nzima bado maji maji. Kuchemsha hakuiondoi yote. Kinachoniuma zaidi ni watoto: mabaki ya antibiotiki huchangia vijidudu kuzoea dawa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa tetrasaiklini ni mikrogramu 100 kwa lita ya maziwa. Hapo macho na ulimi havifui dafu.

Nilipewa nikijaribu na kijana wa ukoo wetu anayesomea kemia. Ni vipande vya karatasi vyenye vitone vya kaboni, chembe za nano zinazong'aa bluu zikimulikwa kwa taa ya zambarau kama ile ya kukagulia noti bandia, pamoja na madini ya yuropiamu. Tetrasaiklini ikiwepo hujishika na yuropiamu na kuiwasha nyekundu, huku bluu ikififia. Simu inapiga picha, programu inalinganisha rangi hizo mbili na kutoa namba.

Mzee mmoja alileta dumu lake, tukasalimiana, nikayakatisha maziwa kidogo kwa siki, nikachuja, nikatia matone ya kupunguza ukali yanayokuja na kifaa (usiyaruke, wekundu hautawaka vizuri), kisha nikachovya karatasi. Ndani ya boksi jeusi la kuzuia mwanga ikatoka pinki iliyokolea. Mzee akainama, akachungulia mwenyewe, akasema, "Mwanangu, yule wa madoa alichomwa sindano juzi." Hakubisha. Tukakubaliana maziwa ya yule ng'ombe ayatenge mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Kwa hilo tu, kifaa kimenilipa.

Sasa mipaka. Mwanga wa jua ukiingia kwenye boksi, namba inayumba. Kamera inayojirekebisha rangi yenyewe nayo inaharibu, hivyo tumia simu ile ile na ufunge marekebisho hayo. Tena yale maji ya maziwa yana vitamini B2, ambayo nayo hung'aa kijani chini ya taa hiyo, kwa hiyo kila asubuhi anza na maziwa unayoyajua kuwa ni safi upate pa kulinganishia.

Kubwa kuliko yote, karatasi hizi hukamata tetrasaiklini tu. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa penisilini atapita kama msafi. Kwa hiyo bado namuuliza kila mfugaji ametumia dawa gani, hata karatasi ikibaki bluu.

Wanaokitengeneza nawaomba watuletee karatasi ya penisilini haraka, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, maana anayekishika zaidi ni kijana anayenisaidia kupokea maziwa alfajiri.