Kununua Tingatinga iliyochorwa kwa mkono: uzoefu wangu Oysterbay

Kama unatafuta Tingatinga, ile michoro ya Kitanzania ya wanyama yenye rangi za kung'aa, ya kutundika sebuleni, au ya kumpelekea ndugu aliye nje, nenda kanunue pale pale wanapochorea, kwa wachoraji wa ushirika wa Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam. Nimechukua twiga watatu kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, nikalipa laki moja na nusu baada ya kupatana, na nimeridhika kabisa.

Kabla ya hapo nilipita duka moja mjini. Muuzaji alinionyesha mchoro wa chui, laki mbili na nusu, "kazi ya mkono hiyo, dada." Nikaomba kuugusa. Rangi ya Tingatinga ni ya mafuta, ya jamii ile inayopakwa mageti na baiskeli. Ikikauka inang'aa, na mahali brashi ilipopita mara ya mwisho inabaki imeinuka kidogo. Ukipitisha kidole kwenye mgongo wa chui unayahisi madoa yake moja moja. Yule wa dukani alikuwa laini mwili mzima kama picha ya kalenda. Nikampiga picha kwa simu kwa karibu sana, nikaikuza: jicho likawa vijinukta vya bluu, waridi na njano. Hiyo ni printa. Sina ugomvi na picha ya printa ikiuzwa kwa jina lake na bei yake. Kuiita kazi ya mkono ni kumwibia mnunuzi, na ni kumwibia zaidi mchoraji ambaye picha yake imepigwa chapa bila kupata hata senti.

Oysterbay utakuta tembo na Kilimanjaro wale wale kwa wachoraji kadhaa. Usishtuke ukadhani ni feki. Tingatinga hufundishwa hivyo, mwanafunzi anaanza kwa kunakili kazi ya mwalimu wake, na picha inayopendwa inarudiwa. Ila bei iendane na kazi. Mimi huangalia mandharinyuma kwanza: rangi mbili zimeyeyukiana taratibu au zimekutana kwa ghafla? Kisha mistari ya mwishoni, manyoya, kope, majani. Mchoraji mwenye haraka hujulikana hapo. Picha za sokoni, hospitali au mashetani, ambazo mchoraji amezitunga mwenyewe, kwangu zina thamani kuliko tembo wa kila siku, hata zikiwa ndogo.

Jihadhari sana ukiambiwa mchoro ni wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huu. Mzee huyu kutoka Tunduru alianza kuchora 1968 na akauawa kwa risasi ya polisi 1972, walipomdhania mhalifu anayekimbia. Ni miaka minne tu. Alichorea vipande vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani, mara nyingi mnyama mmoja kwenye mandhari isiyo na mambo mengi, na kazi zake nyingi zilinunuliwa na wageni. Kwa hiyo turubai mpya yenye sahihi yake, inayouzwa kwa bei ya kutupa, haiingii akilini. Ukoo wake una wachoraji wanaotumia jina hilo kihalali, kwa hiyo soma herufi za mwanzo na mwaka, usiishie kwenye "Tingatinga". Sahihi ni rahisi kuigiza. Anayeuza kazi ya zamani akuonyeshe imepitia mikono ya nani.

Chapa, yaani picha ambazo msanii mwenyewe huzikandamiza kwenye karatasi kutoka bamba alilolichonga, nazo zina thamani yake. George Lilanga, msanii wa Kitanzania aliyefariki 2005, alitengeneza chapa za kuchonga kwenye bamba la metali, na hizo ni sanaa kamili. Tafuta namba ya penseli chini: 7/50 maana yake ni nakala ya saba kati ya hamsini. Angalia pia alama ya bamba lilivyokandamiza karatasi pembeni. Bango la picha yake halina alama hiyo.

Huduma niliyopata ilikuwa ya kiungwana. Mzee aliyechora twiga wangu aliugeuza mchoro, akaandika nyuma jina lake kamili, mwaka na Dar es Salaam, akakubali nimpige picha akiwa ameushika. Picha hiyo na risiti nimeviweka pamoja; siku nikitaka kuuza, ndivyo nitakavyoonyesha kwanza. Akautoa kwenye fremu na kuuviringa, upande wa rangi nje ili usipasuke. Tena alinikatalia mwingine nilioutaka, kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi na ungegandamana njiani. Nitaufuata ukikauka.