Kupanga nyumba Idaho, Marekani: Boise au Twin Falls?
Kodi ya Boise inauma. Ilipanda kwa kasi wakati wa Uviko-19, watu walipomiminika kutoka California na kwingineko, na haijarudi ilikokuwa. Twin Falls, kilomita zipatazo 200 kusini-mashariki, ni nafuu zaidi na kazi zipo: kiwanda cha mtindi cha Chobani, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, viazi. Ila nyumba za kupanga ni chache, na bila gari utateseka.

Boise ina mabasi, hospitali kubwa na Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Kwa mama aliyefika juzi na watoto, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Sheria ni ile ile kote. Jimbo limekataza miji kuweka ukomo wa kodi. Lakini mwenye nyumba lazima akuarifu kwa maandishi siku 30 kabla ya kupandisha, na amana uliyoweka airudishe ndani ya siku 21 baada ya wewe kuhama, au hadi 30 mkataba ukisema hivyo. Siku ya kuingia, tafadhali, piga picha kila ukuta, usije ukakatwa amana kwa uharibifu uliokuta!

Asiye na gari ningempeleka Boise. Mwenye leseni na nguvu za zamu ya usiku, aanzie Twin Falls.