TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya kuyeyusha kaboni" anayewafuata watu nyumbani, wenye Mark X na Crown hapa Dar kuweni macho

Ndugu zangu wenye magari, msimtumie mtu hela kabla hamjasoma hili. Kuna jamaa anazunguka Tabata, Segerea na Kinyerezi akiuza dawa ya kusafisha kaboni, yaani masizi yaliyoganda kwenye valvu (vilango vya kuingiza na kutoa hewa ndani ya injini), bila kufungua injini. Anakuja kwa bodaboda, begi mgongoni, anafanya kazi kama nusu saa, anaondoka na 180,000. Mimi nilimpa. Halafu nikalipa nyingine kurekebisha alichokiacha.

Gari langu ni Mark X GRX120, injini ya 4GR, lita 2.5. Lilianza kutetemeka likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyagwa mafuta, hasa asubuhi, na kwenye foleni ya Buguruni lilikuwa linataka kuzima. Nikabadilisha plagi, hali ileile. Ndipo nikaona tangazo lake Instagram, lina picha mbili za valvu: moja nyeusi tii, nyingine inang'aa. Leo nikizirudia zile picha naona tundu la hewa kwenye ya kwanza ni la mviringo na kwenye ya pili limerefuka kama yai. Ni injini mbili tofauti. Siku ile sikuangalia, nilikuwa nimechoka na gari.

Alifika Jumamosi. Akawasha injini, akafungua mpira wa hewa karibu na throto (kilango kinachopima hewa ya kuingia kwenye injini), akaanza kunyunyiza kimiminika chekundu huku msaidizi wake akikanyaga mafuta. Moshi mweupe ukajaa uani mpaka mama mwenye nyumba akatoka mbio akidhani kunaungua. Jamaa akanishika bega: "Bosi unaona? Hiyo yote ni kaboni inatoka."

Si kaboni. Mimina mafuta ya taa au oili yoyote nyepesi kwenye njia ya hewa ya injini iliyopata moto, utapata moshi huohuo hata kama injini ni mpya kabisa. Ule ni moshi wa dawa yenyewe ikiungua. Na ile chupa, nilipoinusa baadaye, ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa waziwazi. Lebo ina maandishi ya Kijapani, lakini haina jina la kiwanda, haina anwani, haina tarehe.

Baada ya moshi akatoa plagi moja, akaingiza kamera ndogo ya waya, akanionyesha kwenye simu: valvu safi. Hapa ndipo aliponimaliza, na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu hata mtu mwangalifu anaingia.

Kaboni inayosumbua hizi injini inakaa mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa, upande wa manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenda kwenye kila silinda. Ukipitisha kamera kwenye tundu la plagi uko ndani ya silinda, kwa hiyo unachokiona ni uso wa valvu, ule unaotazama pistoni. Mgongo wake huuoni. Alinionyesha upande ambao haukuwa na shida, nami nikamtumia hela hapohapo. Nilipoomba risiti ya EFD akasema mashine imeharibika.

Siku ya nne taa ya injini ikawaka dashibodi na gari likaanza kupiga misi, yaani silinda nyingine zikawa haziwaki vizuri. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Ilala, mtu mzima, haongei sana. Alipima kwa mashine, kisha akasema, "Kijana wangu, tufungue tu." Akatoa manifodi, akaniita niangalie.

Nilitia kidole. Mgongo wa valvu ulikuwa umevimba kwa ganda jeusi, gumu, kama masizi ya sufuria ya kuni yaliyogandamana na mafuta kwa miaka. Juu ya lile ganda kulikuwa na utelezi mwekundu: dawa ya jamaa, imekaa palepale, haijayeyusha chochote. Plagi mbili zilikuwa zimelowa na kuwa nyeusi.

Yule mzee ndiye aliyenieleza kisa chenyewe. Kwenye injini kama 4GR, na hata 3GR ya Crown za lita 3.0, nozeli inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi mgongo wa valvu ya hewa hata kidogo. Wakati huohuo mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unaganda pale kidogo kidogo, na hakuna kitu cha kuuosha. Kwa hiyo hata dawa nzuri kabisa ya kuweka kwenye tangi, kwa injini hizi, haitafika huko. Dawa za kupuliza kwenye njia ya hewa zinazotengenezwa na kampuni zinazoeleweka zipo, zinaweza kusaidia uchafu ukiwa bado laini, ila ganda gumu linatoka kwa mkono.

Sasa sikieni hili lililoniuma zaidi. Dada mmoja wa jirani ana IST. Jamaa alimwambia valvu zake zimeziba, akamchukulia 120,000. IST inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu zinaoshwa kila ukiendesha. Gari lake halikuwa na tatizo lolote la valvu, lilikuwa na throto chafu tu. Dada wa watu anauza chakula, ile ilikuwa hela ya kodi.

Kazi halali niliyoiona kwa macho ilikuwa hivi. Manifodi inatoka. Fundi anazungusha injini kwa mkono mpaka valvu za silinda husika zifunge kabisa, kwa sababu zikiwa wazi uchafu unadondoka ndani na utakwangua silinda. Anamimina dawa, anaiacha ilowe, anasugua kwa brashi ya nailoni, anafyonza kwa mashine, anarudia mpaka chuma kionekane, ndipo anahamia silinda nyingine. Ilichukua siku nzima. Wengine wanapuliza unga wa maganda ya jozi (zile karanga za walnut) kwa kompresa, nao unafanya kazi vizuri. Gasketi za manifodi zikawekwa mpya. Kwangu ilikuwa 350,000 na plagi ndani yake, na gari sasa limetulia.

Na tafadhali, asitokee mtu akasema atanunua mafuta ya taa ajinyunyizie mwenyewe. Kimiminika hakibanwi kama hewa. Kikiingia kingi kwa mpigo ndani ya silinda, pistoni inapanda inakuta ukuta, na konrodi, chuma kinachoshika pistoni, inapinda. Hapo unatafuta injini nyingine.

Akikufuata, muulize swali moja: dawa yako inafikaje mgongoni mwa valvu, na utanionyesha huo mgongo bila kufungua manifodi? Mimi nilipompigia na swali hilo alikata simu, akanizuia.

Nimechukua RB (namba ya taarifa) polisi, na namba aliyopokelea hela nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Waliopigwa naye nao waripoti, hata kama hela ni ndogo. Ukurasa wa zamani ameufuta. Juzi ameonekana Kimara kwa jina jingine, chupa ileile nyekundu, ila sasa msaidizi wake ni kijana mwenye kofia ya bluu na bei amepandisha hadi 200,000.