Kuchora malengo kabla ya kuandika programu: uzoefu wangu na iStar na piStar hapa Lubumbashi

Nimetumia iStar 2.0, namna ya kuchora malengo ya watu, pamoja na piStar, chombo cha kuichorea, kuandaa programu ya depo moja ya dawa inayogawia farmasi zake ndogo za hapa mjini, katika komuni za Kenya, Katuba na Kamalondo. Nawaandikia watengenezaji programu wenzangu, hasa wale ambao mteja akisema tu "nataka programu ya stoki" wanafungua kompyuta siku hiyohiyo na kuanza kuunda majedwali. Kwa kazi yenye watu wengi wanaotegemeana kama hii, chora malengo kwanza. Nasema hivyo kwa sababu mambo yaliyoamua sura ya programu yetu hayakuwemo kabisa katika orodha ya mahitaji tuliyopewa.

Kwa asiyeijua, iStar ni namna ya kuchora iliyotokana na tasnifu ya Eric Yu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ya mwaka 1995. Toleo la 2.0 la mwaka 2016 lilikuja kuweka kanuni za pamoja, maana makundi ya watafiti yalikuwa yanachora kila moja kivyake. Mhusika ni duara. Ndani ya eneo lake unaweka malengo yake, kazi anazofanya, vitu anavyohitaji, na sifa anazozitamani kama upesi, usalama au gharama ndogo, ambazo huchorwa kwa umbo la wingu. Kisha unaunganisha: lengo hili linadai haya yote, au mojawapo linatosha, kazi hii inaisaidia sifa ile, au inaiumiza. Na kati ya mhusika na mwenzake unachora utegemezi, yaani nani anamtegemea nani na kwa kitu gani.

piStar ndicho chombo cha kuchorea, kazi ya João Pimentel na Jaelson Castro wa Brazil. Kinafunguka ndani ya kivinjari, hakidai kusakinisha kitu, na faili la mchoro unalihifadhi kwenye mashine yako mwenyewe. Faili hilo ni maandishi matupu, jepesi mno, linapita WhatsApp hata siku ambayo mtandao unasuasua. Kwa sisi tunaohesabu mega za intaneti, hilo ni jambo kubwa.

Sasa nije kwenye kilichonishika kabisa. Mama mwenye depo alikuwa na lengo lililo wazi: kila jioni ajue kimeuzwa nini, kimebaki nini, na dawa zipi zinakaribia kuisha muda. Tulipochora, mshale wa utegemezi ulitoka kwake ukaenda kwa muuzaji wa farmasi, kwa sababu taarifa zote hizo zinazaliwa kaunta. Tukaingia ndani ya duara la muuzaji kutafuta malengo yake. Tukakuta mteja ahudumiwe upesi, na pesa ya jioni ilingane. Basi. Hakuna hata mstari mmoja uliotoka kwenye malengo hayo kwenda kwenye kazi ya kuandika kila boksi na namba ya loti yake, yaani kundi la dawa lililotengenezwa pamoja. Tena kazi hiyo ilikuwa inaumiza ule upesi wake, na watu wamepanga foleni mbele yake. Lengo zima la mwenye depo lilikuwa linamning'inia mtu asiye na sababu yoyote ya kulibeba. Ukiwa na orodha ya "programu ifanye hiki na kile" hulioni hilo, hata ukitengeneza skrini nzuri namna gani.

Dawa yake tuliipata humohumo kwenye mchoro. Tuliunganisha kazi ya kuandika mauzo na lile lengo la pili la muuzaji, pesa ya jioni ilingane: kila kinachoandikwa, programu kwenye simu inakijumlisha, na jioni inamwonyesha franga ngapi na dola ngapi zinapaswa kuwa mfukoni mwa duka. Mama mmoja muuzaji alitazama mstari huo kwenye karatasi akaniambia, "Mwanangu, kama itanihesabia kesi (pesa ya kasha) ya jioni, nitaandika yote." Na kweli anaandika.

Kuhusu namba za loti, niliazima wazo kutoka KAOS, njia nyingine ya malengo iliyokuzwa na Axel van Lamsweerde na wenzake wa Louvain, Ubelgiji. Kule unagawanya lengo mpaka kila kipande kiwe na mbebaji mmoja. Kikibebwa na programu, ni hitaji. Kikibebwa na binadamu, ni tarajio tu, na lazima ujiulize ni kitu gani kitalivunja. "Muuzaji asome tarehe ya kuisha muda kwenye kila boksi" ni tarajio dhaifu, na foleni pekee inatosha kulivunja. Tukalihamisha: loti na tarehe zinaandikwa depo, mzigo unapopokelewa na watu wana utulivu, halafu kaunta simu inapendekeza boksi linaloisha mapema litoke kwanza. Muuzaji anathibitisha kwa kidole.

Uchaguzi wa mahali pa kuhifadhi taarifa nao ulikuwa na njia tatu: seva ya mbali, kompyuta ndogo katika kila farmasi, au simu zenyewe zikihifadhi na kutuma mtandao ukirudi. Seva ya mbali iliumiza vibaya sifa ya duka kuendelea kuuza umeme na mtandao vikikatika. Kompyuta ilidai betri na mtu wa kuilinda usiku. Simu zikashinda, ila mchoro ulituonyesha wazi zinapoumiza: farmasi mbili zinaweza kuagiza boksi lilelile la mwisho la depo kabla hazijasikilizana. Mama mwenye depo akalikubali hilo macho yakiwa wazi, kwa sharti kwamba depo ndiyo inasema neno la mwisho.

Kilichobaki kutusumbua kilikuwa kiwango cha dola. Bei za depo ziko kwa dola, wateja wengi wanalipa franga, na kiwango kinaweza kubadilika asubuhi hadi mchana. Muuzaji anamtegemea mama kwa kiwango hicho. Simu isiyo na mtandao ingeendelea kuuza kwa kiwango cha jana, na hapo wingu tulilolipa jina "hasara ya chenji isiwepo", yaani ya kubadilisha dola na franga, linavunjika kabisa. Kwa hiyo kiwango kinatumwa kwa SMS ya kawaida, ambayo hupita hata pasipo mega, na kila mauzo yanahifadhi kiwango kilichotumika. Sidhani tungelifikia hilo mapema bila kuona ule mshale mmoja umesimama juu ya kitu kisichofika.

Upungufu upo, na si mdogo. Mchoro ukishakuwa na wahusika wengi unageuka utando wa mistari ambao hata aliyeuchora anapotea humo. Mimi sasa natengeneza mchoro mmoja wa utegemezi tu, kisha mwingine mdogo kwa kila uamuzi mgumu. Pili, "inasaidia" na "inaumiza" ni maoni ya watu, si vipimo. Msianze kuyajumlisha kama fedha. Mwenye kutaka hesabu za namna hiyo atazame jUCMNav, chombo kingine cha kuchorea malengo cha Chuo Kikuu cha Ottawa, inayokaa ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia programu, na kusambaza alama za chaguo lako kwenye mchoro mzima. Ni chombo kizito zaidi, na kwa mazungumzo na wenye duka sikuona haja yake. Njia zetu tatu nilizipima kwa mkono. Tatu, usimpelekee mteja alama zote siku ya kwanza. Mama wa depo nilimwanzia kwa karatasi na kalamu, majina ya watu wake na mishale, mawingu yakafuata baadaye.

Kwa tovuti ya kurasa chache au programu ya mtu mmoja, sichori kitu. Lakini mahali ambapo anayelipia programu si yeye anayeibonyeza kila siku, siku hizi siandiki bei kwenye mkataba kabla ya mchoro wa utegemezi.

Sasa depo inataka kuongeza watu wa pikipiki wa kupeleka dawa farmasi. Tumeshawachorea duara lao, na lengo lao la kwanza waliloliweka wenyewe ni kutolaumiwa kwa boksi lililopungua njiani. Hakuna aliyekuwa amelitaja. Bado tunabishana nani atie sahihi wapi, na mshale wa upande wao hauna pa kutua.