Uchambuzi wa chumba cha hoteli Kisumu: kimekarabatiwa, lakini kulala humo ni taabu

Halo watazamaji wangu, karibuni sana. Leo tuko Kisumu, na ninachochambua si simu wala jiko. Ni chumba hiki mnachokiona nyuma yangu. Jina la hoteli sitalitaja. Kasoro nitakazowaonyesha nimezikuta Kakamega, nimezikuta Nakuru, na hapa Kisumu nimezikuta katika zaidi ya hoteli moja, kwa hiyo kila mwenye hoteli anayetazama naomba akague vyumba vyake mwenyewe. Bei ni shilingi 6,500 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Ukarabati umemalizika juzi juzi, rangi bado inanukia.

Tuanze na dirisha. Tazameni, ni kioo kimoja kizima, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, na hakuna kipande hata kimoja kinachofunguka. Nimepapasa pande zote nne nikitafuta komeo, hakuna. Ukisimama hapa unaliona ziwa vizuri, hilo nalikubali, na kwenye picha za mtandaoni chumba kinavutia kweli kweli. Sasa nijibuni: ziwa liko upande gani wa mji huu? Magharibi. Maana yake, chumba kinachotazama ziwa kinatazama pia jua la alasiri. Kuanzia saa tisa mpaka linapozama, mnamo saa kumi na mbili u nusu, jua linapiga kioo hiki uso kwa uso. Joto linaingia, na likishaingia halina pa kutokea. Saa hizi ni saa moja usiku. Nikiweka kiganja kwenye shuka upande wa dirishani, bado lina moto.

Kinachoniuma ni kwamba Kisumu haikuumbwa hivyo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana ni joto, ndiyo, lakini mchana huo huo nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa ya huku hupanda, na upepo unatoka ziwani kuja mjini. Usiku unageuka: hewa iliyopoa inashuka kutoka milima ya Nandi kuelekea ziwani. Mji unapepewa bure mchana na usiku, na waliojenga zamani walilijua hilo. Ndiyo maana nyumba za zamani hapa zina veranda pana, paa lililotokeza mbele ya ukuta, na madirisha ya luva, yale ya vipande vilivyopangana vinavyofunguka kupitisha hewa, yanayokabiliana ili upepo uingie huku utokee kule. Hata hoteli hii ilikuwa na luva. Upande wa nyuma bado haujaguswa na mafundi, nitawapeleka baadaye mkaone.

Mtaniambia, si kuna kiyoyozi? Kipo, kile pale juu, na kinafanya kazi vizuri stima ikiwepo. Jana jioni mvua ya radi ilishuka, na anayeijua Kisumu anajua mvua zetu za jioni zilivyo na radi. Stima ikapotea. Jenereta ikawashwa, lakini imeunganishwa na taa za koridoni, mapokezi na friji za jikoni, vyumbani hapana. Kiyoyozi kikazima. Dirisha halifunguki. Feni ya dari waliing'oa. Tukabaki tumefungua mlango wa koridoni ili tupate hewa, wageni wote wa ghorofa hii, kila mtu na mizigo yake wazi kwa anayepita. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga aliteremka akaketi naye nje kwenye ngazi. Mtu amelipa shilingi 6,500 akaishia kukaa kwenye ngazi na mtoto wake. Hilo sitaliita jambo dogo.

Sasa inueni macho darini. Hii ni jipsamu, imepangwa ngazi ngazi, na ndani yake wamepitisha taa za buluu. Kazi safi ya mikono, fundi anajua kazi yake. Ila pale katikati, juu ya kitanda, palikuwa na ndoano ya neti. Nilimwuliza mama anayesafisha vyumba, nikamwambia, "Mama, neti ziko wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, zilitolewa wakati wa ujenzi. Tuliambiwa zinaharibu sura ya chumba. Siku hizi tunapuliza dawa saa kumi na moja jioni." Chumba ambacho hakina dirisha la kufungua, unapuliza dawa ya wadudu saa kumi na moja, mgeni anaingia saa kumi na mbili kulala ndani ya harufu ile.

Na mbu wapo. Sogeeni hapa na kamera. Mnaiona hii bomba ya kiyoyozi inavyotoboa ukuta? Tundu ni kubwa kuliko bomba, na hawakuliziba. Kidole changu cha shahada kinapita chote. Hapo ndipo wanapoingilia. Kaunti zinazolizunguka ziwa hili ndizo zenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku, wakati umelala. Mtu aliyekulia hapa mwili wake umejenga kinga kiasi. Mgeni anayetoka Nyeri au Nairobi hana kinga hiyo, na huyo ndiye anayelala hotelini! Kumwondolea neti mgeni wa Kisumu kwa ajili ya picha ni kumhatarisha, na mwenye hoteli anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Tuingie bafuni, na hapa nitakaa kidogo.

Ukuta unaotenganisha bafu na kitanda ni kioo kitupu. Si kile kioo cha ukungu kisichoonyesha ndani, na hakina pazia. Aliyelala kitandani anamwona aliye chooni. Pengine waliochora walifikiria bwana na bibi walio kwenye fungate. Lakini nani hasa analala katika hoteli za Kisumu? Watu wa semina wanaopangwa wawili wawili. Na watu wanaokuja hospitali. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanaiita Russia, inapokea wagonjwa kutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga, Busia, kote huku. Binti anamleta baba yake kliniki, wanafika jioni, wanachukua chumba kimoja chenye vitanda viwili kwa sababu hela ni za kubana. Mzee yule ataogaje mbele ya binti yake? Kwa desturi zetu huku, hilo haliwezekani. Atalala bila kuoga, au binti atakwenda kusimama koridoni.

Mlango nao ni wa kusukuma kando, unaning'inia kwenye reli. Ukiufunga unabaki uwazi wa vidole viwili. Harufu na sauti vyote vinatoka.

Sakafu sasa. Nimejaza jagi hili maji, namwaga hapa chini ya shawa. Angalieni yanakokwenda… Mnaona? Yanaliacha tundu la maji pale kwenye kona, yanageuka, yanapita chini ya mlango, yanaelekea kitandani. Sakafu ya bafu hupewa mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Hapa tundu liko juu na mlango uko chini. Na taili walizoweka ni zile zinazong'aa, za sebuleni. Zikilowa, zinateleza vibaya. Zulia dogo la mlangoni limekwisha kulowa, na huku chini fremu ya mbao imeanza kuvimba. Chumba hakijamaliza hata mwaka.

Halafu hiki ndicho kilichonitia hofu. Shawa ni ya umeme, zile za kuchemsha maji papo hapo. Kwenye lebo imeandikwa wati 5,500. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo inavuta karibu ampea 23, umeme mwingi mno kuchezewa. Swichi yake kubwa nyekundu inatakiwa iwe nje ya bafu, au mbali ambapo anayeoga hawezi kuifikia. Hii hapa. Nimesimama chini ya shawa, nanyoosha mkono, naigusa. Maji yanairukia. Nimewaeleza watu wa mapokezi na nimewaomba wasimpe mtu mwingine chumba hiki mpaka fundi wa umeme aihamishe na akague waya wa ardhi na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja. Ukiingia chumba cha namna hii popote ulipo, washa shawa ukiwa mkavu, oga, funga maji, toka, jikaushe, ndipo urudi kuizima.

Kizingiti cha bafu pia wamekiinua, karibu sentimita 15, kwa sababu mabomba mapya yamepitishwa juu ya sakafu ya zamani. Mtu wa kiti cha magurudumu hapiti. Mzee mwenye mkongojo atajikwaa usiku. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia ifaavyo mahali pote, na ukarabati ndio wakati rahisi wa kulitimiza hilo, kabla taili hazijalazwa.

Mengine nayapitia haraka. Soketi ziko nyuma ya ubao wa kitanda, hazifikiki mpaka usukume kitanda. Taa zote zina swichi moja, iko mlangoni. Kabati limeondolewa, badala yake kuna vijiti vitatu ukutani. Ukingo wa kitanda ni wa mbao yenye kona kali, muundi wangu una alama.

Mazuri yapo na nitayasema. Godoro ni zuri sana. Maji yana nguvu. Wafanyakazi ni wakarimu, na usiku ule wa giza walipita kila mlango wakitugawia maji ya kunywa na tochi. Samaki wa hapa, sina neno.

Hizi kasoro zinaingiaje? Ninavyoona mimi, mwenye hoteli anamwonyesha fundi picha za hoteli za Dubai kwenye simu, fundi anajenga picha. Vyumba vyote vinavunjwa kwa pamoja, vinamalizika kwa pamoja, na hakuna hata mmoja wao aliyelala ndani. Ombi langu kwa wenye hoteli ni hili: maliza chumba kimoja kwanza. Lala humo mwenyewe, na mzazi wako, kuanzia alasiri mpaka asubuhi. Zima stima saa mbili usiku. Oga. Ndipo uwaambie mafundi waendelee na vingine.

Na wewe unayesafiri, kabla hujatuma pesa, piga simu uulize: dirisha linafunguka? Neti ipo? Jenereta inafika vyumbani? Omba wakutumie video fupi ya mtu akilifungua dirisha.

Haya, twendeni upande wa nyuma. Chumba hiki ni cha zamani, shilingi 3,500. Rangi imechakaa, taili za bafu ni za enzi zile, kioo kina doa. Lakini angalieni: luva, na nyuma yake wavu wa mbu. Feni. Ndoano na neti yake. Mlango wa bafu ni wa mbao na una komeo. Nimeingia sasa hivi, sijawasha chochote, na pazia linatikisika. Nimewaomba wanihamishie mizigo yangu huku. Meneja ameniambia mafundi wanaanza upande huu mwezi ujao. Meneja, najua utaitazama video hii: pakeni rangi, badilisheni taili na sinki, lakini luva na ndoano naomba mziache.