Flashi, waya au Gotek: ununue nini kuhifadhi na kuhamisha nyimbo za kinanda

Kwaya ikinunua kinanda kipya, kazi ya kwanza ya mpigaji ni kuhamisha nyimbo kutoka kile cha zamani. Wengi hukimbilia maduka ya vifaa vya simu kule Majengo, Dodoma, na kuulizia flashi kubwa kuliko zote. Subiri kidogo. Kabla hujatoa hela, geuza kinanda utazame matundu ya nyuma, maana hayo ndiyo yatakayokuambia ununue nini. Tundu bapa la mstatili, ambalo Yamaha huliandika USB TO DEVICE, hupokea flashi. Lile la karibu mraba, TO HOST, ni la waya wa kwenda kwenye kompyuta. Flashi haiingii hapo hata ukiibembeleza. Ukikuta mwanya mrefu wa flopi, zile diski bapa za zamani, una kinanda mzee, na habari yake iko chini.

Namba moja: flashi mbili ndogo

Nimesema mbili, na nimesema ndogo. Wimbo wa MIDI huwa na makumi ya KB tu, kwa sababu haubebi sauti bali maelekezo: noti ipi, ibonyezwe lini, kwa nguvu kiasi gani. Flashi ya GB 8 itabeba nyimbo za kwaya zote za mkoa na nafasi ibaki. Usivuke GB 32. Flashi nyingi za GB 64 na kuendelea huja zimefomatiwa kwa exFAT, mpangilio mpya wa kuhifadhi mafaili, na vinanda vingi vya miaka ya nyuma vinajua ule wa zamani, FAT32, tu. Ukichomeka, kinanda kinakuambia hakioni kitu, nawe unaanza kumlaumu muuzaji.

Ukifika nyumbani, ifomati flashi kwenye kinanda chenyewe, si kwenye laptop. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi ya dada. Flashi moja ikae na kinanda, ya pili ikae nyumbani kwa mtu mwingine. Flashi haiugui kabla ya kufa. Inazimika tu siku moja.

Jihadhari na zile zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya soda na chapati. Ndani huwa na GB chache, ila zimechezewa zijitangaze kubwa. Zinakubali kunakili, halafu mafaili yanakuja kuonekana mabovu baadaye. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows huijaza flashi yote kisha huisoma tena, na uongo unajulikana hapo hapo. Muuzaji anayekataa ujaribu, muache.

Namba mbili: waya wa printa

Vinanda vidogo vinavyopendwa na makanisa ya mitaani, kama Yamaha PSR-E363 na PSR-E373, havina tundu la flashi. Vina TO HOST peke yake. Hapo unahitaji waya ule ule wa printa, ambao duka lolote la stationari linao. Chagua mfupi na mnene. Ukiwa na laptop, unaweza kurekodi MIDI moja kwa moja kwenye programu ya muziki wakati kinanda kinapiga. Kama unatafuta kinanda na bado hujanunua, PSR-E463 na PSR-E473 zinapokea flashi, na kwa mpigaji wa kwaya tofauti hiyo ina thamani kuliko sauti hamsini za ziada.

Namba tatu, lakini kwa wenye Triton ni namba moja: Gotek

Kinanda cha Korg Triton cha 1999 bado inafanya kazi kwenye bendi nyingi. Shida yake ni kwamba wimbo uliorekodi ndani hupotea ukizima, na umeme ukikatika katikati ya mazoezi ni kama umezima. Lazima usevu, na pa kusevu ni flopi ya MB 1.44. Flopi na vumbi la Dodoma la kiangazi havipatani kabisa, na Sony, aliyekuwa mtengenezaji mkubwa, aliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Zinazouzwa leo ni za stoo.

Gotek ni kisanduku kinachokaa mahali pa kisomeo cha flopi na kukidanganya kinanda. Unachomeka flashi, kioo kidogo kinaonyesha namba kuanzia 000 hadi 999, na kila namba ni flopi moja. Kazi ya kufunga mpe fundi. Nyaya za flopi za vinanda hazifanani zote, nyingine zinafuata mpangilio wa kompyuta na nyingine ule wa zamani uitwao Shugart, kwa hiyo mtajie fundi aina ya kinanda kabla hajaagiza mzigo kutoka Dar. Mwambie pia aweke programu ya FlashFloppy; ni ya bure, nayo inakuondolea usumbufu mwingi wa kuandaa flashi.

Namba nne: memori kadi

Ni kwa wenye vinanda vya Korg Krome au Kross tu. Nunua SDHC isiyozidi GB 32.

Mwisho kabisa: waya wa MIDI wa bei chee

Ule wenye pini tano upande mmoja na USB upande wa pili. Kwa kupiga noti unafaa. Kwa kuhamisha kumbukumbu nzima ya kinanda ni mateso: MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, yaani MB moja huchukua zaidi ya dakika tano, na nyaya za bei chee hudondosha data njiani bila kukuambia.

Sasa, usevu nini?

Hapa ndipo hela ya wengi inapotea hata wakiwa wamenunua vizuri. Kama unahamia kinanda cha aina ile ile, chukua mafaili ya kinanda chenyewe. Kwenye Triton, SNG ni wimbo na PCG ni sauti zilizotumika. Ukibeba SNG peke yake, wimbo utapigwa kwa sauti zozote zilizokaa kwenye namba zile upande wa pili, na filimbi inaweza kugeuka gitaa la besi.

Ukitoka Korg kwenda Yamaha, daraja ni faili la MIDI, na lisevu kwa Format 0 maana ndiyo inayokubalika kwingi. Mpangilio wa General MIDI wa 1991 una sauti 128 na ngoma zikiwa chaneli ya 10, kwa hiyo piano itabaki piano, ila haitakuwa piano ile uliyoizoea. Stailo za Yamaha, yaani midundo ya kusindikiza, hazipakiwi moja kwa moja kwenye Korg.

Na kama umerekodi ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) au ngoma za muheme za Kigogo ndani ya kinanda, hizo sauti hazimo kwenye MIDI wala kwenye SNG. Kwenye Triton tumia Save All, ambayo huchukua na KSC, faili la orodha ya sampuli, yaani sauti ulizorekodi, pamoja na sampuli zenyewe. Inarekodi kwa 48 kHz, hivyo flopi moja inatosha takriban sekunde 15 za mono. Ikijaa, kinanda kitaomba flopi nyingine, nawe utabonyeza Gotek iende namba inayofuata.