TAHADHARI: Wanazima taa ya eabegi, eabegi yenyewe wanaiacha imekufa

Wadau wenye magari, na hasa mnaotaka kununua gari lililotumika, someni hili kabla hamjamlipa mtu yeyote anayetangaza kwamba "anaondoa taa ya SRS kwa dakika chache", yaani taa ya onyo ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaojaa wakati wa ajali. Wapo mafundi wa kuzunguka, na wapo wauzaji wa mtandaoni, ambao kazi yao yote ni kuidanganya kompyuta ya gari ili taa izime. Mteja anaona dashibodi safi, analipa, anashukuru. Siku ya ajali mfuko wa hewa hautoki.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gari lililonifanya niandike haya liliingia kwangu kwa sababu ya honi tu. Honi hailii, na vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani navyo havifanyi kazi. Mwenye gari akaniambia kwa kupitia tu kwamba hapo nyuma taa ya eabegi iliwahi kuwaka, "lakini ile ilishatengenezwa, fundi, wala usiiguse." Alikuwa ameuziwa kompyuta mpya ya eabegi, na fundi aliyemuuzia alimfungia yeye mwenyewe. Risiti imeandikwa hivyo hivyo, kompyuta mpya pamoja na ufundi.

Hapo mambo hayakuoana. Honi, vitufe vya usukani na eabegi ya dereva vyote hupitisha umeme wake mahali pamoja: utepe mwembamba wa nyaya uliojizungusha ndani ya kopo la plastiki nyuma ya usukani, ambao mafundi tunauita klokspringi. Usukani unazunguka, nyaya haziwezi kuzunguka nao bila kukatika, kwa hiyo utepe huo hujikunja na kujikunjua. Ukichoka, hukatika. Mtu akikuambia kwamba honi imekufa, vitufe vimekufa na taa ya SRS imewaka karibu kwa wakati mmoja, mshukiwa wa kwanza ni klokspringi. Kompyuta ni ya mwisho kabisa kwenye orodha. Fundi aliyeuza kompyuta bila hata kubonyeza honi, ama hajui kazi au anaijua vizuri mno.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikasubiri, nikafungua kifuniko cha chini ya usukani. Plagi ya njano inayotoka kwenye kompyuta ilikuwa imechomolewa kutoka kwenye klokspringi. Mdomoni mwake kulikuwa na rezista ndogo (kijifaa kinachokinza umeme) imechomekwa, ikazungushiwa tepu nyeusi, kisha ikasukumwa ndani mtu asiione. Na ile kompyuta "mpya"? Ilikuwa ileile iliyotoka na gari kiwandani. Boliti zake hazijawahi kuguswa na spana, vumbi la miaka limelala juu yake.

Sasa tuelewane kuhusu hiyo rezista, maana huko ndiko utapeli wote ulipo. Ndani ya kila eabegi kuna kiwashio kidogo cha umeme chenye ukinzani mdogo sana, mara nyingi kama omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kila unapowasha gari, kompyuta hupitisha umeme hafifu kwenye kila mzunguko na kupima ukinzani huo. Ikiukuta uko juu mno, inajua waya umekatika au plagi imelegea. Ukiwa chini mno, kuna nyaya zinazogusana. Ukiwa ndani ya kiwango, inaridhika na kuzima taa. Weka rezista ya omu 2 hivi mahali pa eabegi, na kompyuta itaapa kwamba eabegi ipo na ni nzima. Siku ya kugongana itatuma umeme wa kulipua, takriban ampia 1.2 kwa milisekunde 2, na umeme huo utaishia kuipasha moto rezista ya senti chache. Mfuko ambao ungejaa ndani ya milisekunde 30 hivi utabaki umekunjwa ndani ya usukani.

Rezista hiyo si haramu kwa yenyewe, na hili ndilo linalowachanganya watu. Hata mimi ninazo kwenye boksi langu la zana. Fundi anayetafuta hitilafu huzitumia kama eabegi ya bandia: anachomoa eabegi halisi, anaweka rezista mwishoni mwa waya, anasoma tena kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, kwa mashine. Kodi ya waya kukatika ikiondoka, basi waya ni mzima na tatizo liko kwenye eabegi yenyewe. Kodi ikibaki, tatizo liko kwenye waya, na anarudi nyuma hatua moja moja: kabla ya klokspringi, baada ya klokspringi, mpaka aipate sehemu mbovu. Akimaliza, rezista inarudi kwenye boksi. Tapeli huishia katikati ya kipimo, anafunga kifuniko na kuandika risiti.

Ndiyo maana nasema mnaolipia kompyuta mjiulize mara mbili. Hitilafu nyingi za umeme kwenye mfumo huu ni za kawaida kabisa. Mbali na klokspringi, kuna zile plagi za njano chini ya viti vya mbele. Zinabeba nyaya za eabegi za ubavuni na vikaza mikanda (vifaa vinavyoukaza mkanda wa kiti wakati wa ajali), na kila kiti kinaposukumwa mbele na nyuma, au mtu anapopitisha mashine ya kufyonza vumbi huko chini, zinavutwa. Pini ikilegea kidogo tu, taa inawaka. Kuna gari ambalo betri imechoka, umeme ukashuka wakati wa kupiga stata, kodi ya umeme mdogo ikabaki kwenye kumbukumbu. Kuna gari lililoingia maji chini ya zulia na pini zikaota kutu. Kompyuta nayo huharibika, sikatai, hasa ikilowa. Na baada ya ajali iliyofyatua eabegi, huhifadhi taarifa za mgongano na magari mengi hudai ibadilishwe. Lakini gari ambalo halijagonga wala kuzama, halafu fundi anaanza na kompyuta? Mwombe akuonyeshe kodi iliyoandikwa, na asome mbele yako. Tena ajue kwamba kijimashine cha bei ndogo cha kusomea hitilafu za injini mara nyingi hakiingii kabisa kwenye SRS. Akikuonyesha kimeandika "hakuna hitilafu", hajakuonyesha kitu.

Kipimo mnachoweza kufanya wenyewe, bila kufungua hata skrubu moja, ni hiki. Weka swichi kwenye ON bila kupiga stata. Kwa gari la kubonyeza kitufe, bonyeza bila kukanyaga breki hadi dashibodi iwake yote. Taa ya SRS lazima iwake, ikae sekunde chache, kisha izime yenyewe huku taa ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa, ameiziba au amekata njia yake. Ikikaa imewaka na kuzima sekunde ileile injini inaponguruma, pamoja na taa ya oili, basi imeunganishwa na waya wa oili. Ujanja huu ni wa zamani na bado nakutana nao. Wengine huiunganisha na taa ya ABS (ya mfumo wa breki), kwa hiyo linganisheni na hiyo pia.

Kipimo hicho hakiwezi kuikamata rezista, kwa sababu gari lenye rezista huwasha na kuzima taa kama kawaida. Kwa rezista inabidi kuangalia plagi kwa macho, au fundi mwenye mashine inayoonyesha ukinzani wa kila mzunguko asome namba. Mizunguko halisi hutofautiana kidogo kidogo. Nikiona eabegi na vikaza mikanda vyote vinasoma namba moja isiyotikisika, nachukua tochi.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika, vuteni mikanda yote ya mbele. Mkanda uliogoma kutoka au kurudi huenda kikaza chake kilishalipuka. Angalieni kifuniko cha usukani na cha upande wa abiria: mstari wa kupasukia ulioanza kuinuka, gundi, rangi isiyofanana na plastiki iliyo jirani. Nimeshafungua kifuniko nikakuta sponji la godoro, na kwenye kila plagi rezista yake.

Kuna na hawa wanaouza eabegi zenyewe mtandaoni, "mpya kwenye boksi" au "imetoka kwenye gari zima". Eabegi bandia zipo na zimeua. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo juu yake mwaka 2012, na 2024 ikaonya tena kuhusu vilipuzi (sehemu inayoujaza mfuko hewa) vya bei rahisi vinavyopasuka na kurusha vipande vya chuma. Hata iliyo halisi inaweza kuwa na yake: vilipuzi vya Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza eabegi, vilitumia amonium naitreti, ambayo hudhoofika ikikaa miaka kwenye joto na unyevu, na nchini Marekani pekee takriban milioni 67 viliitwa virudishwe. Kampuni hiyo ilifilisika 2017. Eabegi ya mtumba isiyo na namba ya gari ilikotoka huwezi kujua kama imo kwenye kundi hilo. Gari lako mwenyewe unaweza kuliangalia kwa namba yake ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji, na likiwemo, kwa kawaida hubadilishiwa kilipuzi bure.

Nikisema mkague, sisemi mfungue. Msiguse eabegi wala plagi zake kwa multimita (kile kipimo cha umeme cha mkononi). Umeme wake wa kupimia omu unaweza kuilipua usoni. Kompyuta ina kapasita zinazohifadhi umeme hata betri ikichomolewa. Toyota husema subiri angalau sekunde 90, Honda dakika 3, na wapo wanaotaka zaidi. Fundi anayechomoa betri na kuingiza mkono papo hapo, mwacheni aende. Vilevile anayesokota nyaya za njano na kuzifunga tepu: kiungo kibovu kikiongeza hata omu moja, kompyuta inalalamika.

Kazi ya lile gari ilikuwa klokspringi mpya, imewekwa ikiwa katikati sawasawa (ikiwekwa imepinda upande mmoja, hukatika mara ya kwanza unapokata kona hadi mwisho), plagi ikarudishwa kwenye klokspringi, kodi zikafutwa. Honi inalia, vitufe vinafanya kazi, taa inazima yenyewe. Rezista nimeiweka kwenye bahasha pamoja na picha za plagi na za boliti za kompyuta, mwenye gari ameondoka nazo kwenda kudai fedha zake. Yule fundi hadi sasa hapokei simu, ila tangazo lake bado lipo hewani, na halitaji neno klokspringi wala waya popote, ni "kuondoa taa" tu.

Kama uliwahi kulipia kazi ya namna hii, tafuta risiti, dai kifaa cha zamani kilichotolewa, linganisha namba iliyo kwenye kompyuta na ile iliyoandikwa kwenye risiti. Na bonyeza honi.